Mtu wa Milango Miwili

Nyinyi wajukuu zangu mtakaosoma haya, kwanza kaeni vizuri na hizo simu mziweke chini. Siandiki ili mnionee huruma. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu Kisomali cha kuandikwa mnakisoma kwa kukwamakwama kama mbuzi aliyeingia matopeni, na Kiingereza chenu mimi sikijui, na huko kutokijua ndiko kisa chenyewe. Shule nilikaa kidogo nikatolewa. Kuandika nilijifunza nikiwa mtu mzima, kwenye ngumbaru, nikiwa na mtoto mgongoni. Kwa hivyo mkikuta neno limekaa vibaya, liacheni lilivyo, msinirekebishie. Nimerekebishiwa maneno vya kutosha katika maisha yangu na mtu mmoja, na mtamjua sasa hivi.

Majuzi Mulki alioza binti yake. Mulki mnamjua, yule mwenye sauti ya kuitia ngamia walio ng'ambo ya mto; tumekuwa majirani tangu enzi za ujana wetu. Wanawake wazee tuliwekwa chumba cha ndani, tukaletewa sinia la wali na nyama ya mbuzi na ndizi pembeni, feni ikizunguka juu bila kutusaidia kitu. Mara mlango ukafunguliwa akaingia Dekha. Miaka yote hii alikuwa ng'ambo, kwenye nchi za baridi, na amerudi na meno mapya na miwani ya kuning'inia kwa kamba. Tulikumbatiana. Nililia, na mimi si mtu wa kulia. Nikamsogezea nafasi, nikamchagulia nyama ya ubavu kwa mkono wangu. Hatujamaliza hata kuulizana hali, Mulki akapayuka kutoka upande wa pili wa sinia: "Dekha wee! Hebu tutafsirie tena yule mtu wa milango miwili!" Chumba kizima kikapasuka kwa kicheko. Nami nilicheka, tena sana, mpaka nikaacha kula, kwa sababu hakuna kitu katika ujana wangu nilichokipenda kama yule mtu wa milango miwili. Halafu nikainua macho, nikaona kwamba wenzangu hawamwangalii Dekha. Wananiangalia mimi.

Ngojeni hapo kwanza. Hamtaelewa mpaka mjue tulikuwa tukicheka nini.

Ni mwaka wa ile mvua kubwa watu waliyoiita Elnino. Kabla haijaanza, Dekha alikuwa mkalimani huko Hagadera, kwenye kambi ya wakimbizi, kwenye zahanati ya Wazungu. Alikuwa amefika sekondari, na siku zile mwanamke wetu mwenye Kiingereza alikuwa kama kisima chenye maji matamu: kila mtu anakuja na ndoo yake. Kazi yake ilikuwa kukaa kati ya daktari na mgonjwa. Mama anasema tumbo linamchoma upande huu, Dekha analigeuza neno, daktari anatoa dawa. Dekha akikosea upande, mtu anazikwa. Tulimheshimu kwa hilo. Mimi mwenyewe nilikuwa nikisema mbele za watu kwamba mdomo wa Dekha ni mizani, hauongezi wala haupunguzi. Muuguzi mmoja wa Kizungu alipomaliza muda wake akarudi kwao, alimwachia Dekha deki ya video na katoni ya kaseti, na kaseti zote zilikuwa za kipindi kimoja cha vichekesho cha Waingereza, cha zamani hata kwa wakati ule. Hakikuwa na hadithi moja. Kilikuwa vipande vifupi vifupi, hiki kikiisha kingine kinaingia bila hata salamu, watu walewale wamebadilisha kofia tu. Jina lake halisi lilikuwa refu na sikuwahi kulishika. Sisi tulikiita Ijumaa, kwa sababu Dekha alikuja mjini Garissa kupumzika siku hiyo, na baada ya sala ya Alasiri tulikuwa tunaambiana, "Abaayo, dada yangu, vaa viatu, twende Ijumaa."

Chumba cha Dekha nakiona hata sasa. Mikeka miwili, mito iliyoshonwa kwa magauni ya dirii yaliyochakaa, na televisheni iliyofunikwa shela kama bibi harusi, haifunuliwi mpaka mwenyewe aseme bismillahi. Ubani wa unsi ulifukizwa mpaka macho yanawasha. Chai ilikuwa ya maziwa ya ngamia, na maziwa nilileta mimi kwa sababu ndiyo biashara yangu, imepigwa iliki na tangawizi, sukari kama ya sikukuu. Mulki alileta mahamri yake, ambayo ungeweza kujengea ukuta, na hakuna aliyethubutu kumwambia. Umeme wa Garissa ulikuwa wa kuja na kuondoka. Ukikatika katikati ya kipande, tulibaki kwenye joto tukibishana kitaishaje, na nawaambia kweli, mara nyingine mwisho wetu ulikuwa mtamu kuliko wa Waingereza.

Sasa niwaambie kuhusu wale watu, kwa sababu niliwapenda na bado nawapenda, na hilo halitabadilika kwa sababu ya Dekha. Walikuwa wanaume wazima wenye suti na tai, nywele zimechanwa, nyuso kama za mkuu wa wilaya, na wanafanya upuuzi bila kutikisika. Kulikuwa na wazee wawili kwenye benchi la kusubiri basi, kila mmoja anamwambia mwenzake keti wewe kwanza, hapana, wewe kwanza, kwa adabu, kwa kuinama, mpaka mafundi wanakuja wanaling'oa benchi wanaondoka nalo, na wale wazee wanaendelea kubembelezana mbele ya mahali patupu. Mulki alisema, "Hawa ni wajomba zangu kabisa, siku ya kugawa chai." Kulikuwa na wanaume waliovaa magauni wakijifanya akina mama. Mara ya kwanza tulisema astaghfirullah, tukajifunika macho, tukachungulia vidoleni. "Huyo si mwanamke!" Mulki akapiga kelele. "Angalia koromeo! Lile koromeo limemeza embe!" Na kulikuwa na yule niliyempenda kuliko wote, karani wa dirisha. Watu wamepanga foleni ndefu, mtu wa mbele anafika, karani anamtazama kwa heshima kubwa, anamuuliza swali, anasikiliza jibu mpaka mwisho, halafu taratibu, bila hasira, anafunga dirisha. Mtu anarudi nyuma ya foleni. Anafika tena. Dirisha linafungwa tena. Dekha alitutafsiria: "Anamuuliza, babu yako alizaliwa upande gani wa mto?" Walahi tulilala chini. Nani kati yetu hakuwa amesimama mbele ya dirisha kama hilo akitafuta kitambulisho, akiulizwa babu wa babu yake alinywesha ngamia wapi? Tulikuwa tumelia kwa ajili ya lile dirisha. Hakuna aliyekuwa ametuambia kwamba linaweza pia kuchekwa.

Mimi kabla ya mwaka ule sikuwa mtu wa kucheka. Nilikuwa nimelelewa kwamba mwanamke anayeonyesha meno yake amepungukiwa. Pale Soko Mugdi nilikaa na madumu yangu ya maziwa, uso umekazwa, wateja wakanunua kwa majirani wenye maneno matamu. Halafu siku moja akaja mwanamume mmoja msumbufu, kila siku anaonja halafu anasema maziwa yana moshi mwingi, hanunui. Nikamtazama kama yule karani. Nikamsikiliza mpaka mwisho. Halafu nikachukua kifuniko, taratibu, bila hasira, nikafunika dumu. Wanawake wa safu yetu walicheka mpaka mmoja akamwaga maziwa. Yule bwana naye akacheka, akanunua, na kesho yake akaleta ndugu zake. Ndipo nilipojua kwamba uso wangu huu mkavu, ambao mama yangu aliuona kama balaa, ulikuwa mali. Karani yule hachekeshi kwa sababu anacheka. Anachekesha kwa sababu hacheki. Mambo yote ninayowaambia nyinyi mpaka leo mkaanguka kwenye makochi, mkasema bibi ana maneno, nilijifunza kwa Mwingereza yule. Ule ndio mwaka niliopata sauti yangu. Ndiyo maana jambo hili linauma mahali linapouma.

Mvua ikaanza. Mto ukapanda mpaka mashamba ya ukingoni yakawa ziwa, barabara ya Wajir ikageuka uji, malori yakazama mpaka kwenye milango. Babu yenu alikuwa anafanya biashara ya mifugo kule Habaswein na huku kwetu. Kila alipochelewa, salamu zilikuja na msafiri: gari limekwama. Nikaamini, kwa sababu magari yalikuwa yamekwama kweli. Dekha alikuwa amezuiliwa huko na maji kwa muda, nasikia alikwenda Habaswein kwa mjomba wake akashindwa kurudi, na aliporudi tukakusanyika tena. Siku hiyo hakuwa na mazungumzo. Akachagua kaseti mwenyewe, akairudisha nyuma, akaitafuta sehemu aliyoitaka. Ndipo tulipomwona mtu wa milango miwili.

Ni mwanamume mfupi mwenye kofia na begi begani, ana furushi mkononi. Anagonga mlango mwekundu. Anafungua mama mmoja, mwanamume aliyevaa gauni, wanasemezana. Mtu anaondoka, anazunguka kona, anagonga mlango wa kijani. Anafungua mama mwingine. Wanasemezana. Anarudi mbio kwenye mlango mwekundu, kofia imepinda. Anakwenda kijani, kofia imeanguka. Mwisho anakimbia na furushi limepasuka, na akina mama wanafungua kabla hajagonga. Dekha akatafsiri polepole, macho yake kwenye skrini: "Huyu ni mfanyabiashara. Ana wake wawili, hawajuani. Wa mlango mwekundu anamuuliza, umechelewa wapi? Anasema, barabara mbaya, mpenzi wangu, gari limekwama. Wa kijani anamuuliza, mbona unaondoka? Anasema, barabara itaharibika, lazima niende mapema." Nilicheka mpaka nikalala ubavu. Nikapiga mkeka kwa kiganja. Nikasema, "Mjinga huyo mwanamke wa mlango mwekundu! Si achungulie tu kwenye kona!" Na nakumbuka jinsi chumba kilivyonyamaza kidogo, kama watu wanaosikiliza gari la mbali, halafu Mulki akacheka kwa nguvu kuliko kawaida yake, na wote wakafuata. Nikauliza, "Lakini Dekha, mbona hawa wake wawili wana sura moja?" Akanijibu bila kugeuka, "Kwa Wazungu, abaayo, wake wote wanafanana."

Ijumaa iliyofuata akakiweka tena, na nyingine tena. Mimi mwenyewe ndiye niliyekiomba. Na kila mara kulikuwa na maneno mapya. Mara mke wa kijani ni msichana mdogo, baba yake ana ngamia wengi. Mara ana mimba. Nikamwambia Dekha, "Mbona mara ya kwanza hukusema ana mimba?" Akasema, "Kiingereza chao kina tabaka, Ebla. Unakisikia zaidi kila unaposikiliza." Nikaona fahari kuwa na rafiki msomi namna hiyo. Ujumbe wa gari limekwama ulikuja asubuhi, na jioni niko kwa Dekha namcheka mwanamke ambaye gari la mumewe limekwama. Mtashangaa jinsi mtu anavyoweza kubeba vitu viwili mikononi na asione kwamba vinafanana.

Maji yalipopungua, malori ya kwanza yakafika. Nilikuwa sokoni. Msichana mmoja akaja kwenye safu yetu, mjamzito, miguu imevimba, shela lake limejaa matope ya njiani. Akanisalimia vizuri, akaniita eddo, kama mtu anavyomwita shangazi yake. Akasema amekuja hospitali kuu na anatafuta nyumba ya mtu fulani, akalitaja jina. Jina la babu yenu, na la baba yake, na la babu yake, ili nisikosee.

Nikamuuliza, "Wewe ni nani kwake?"

"Mimi ni wa nyumbani kwake, eddo. Habaswein."

Wenzangu wote wakaacha kupima. Nikamtazama. Nikamsikiliza mpaka mwisho. Nikamjazia kikombe cha maziwa, nikampa, nikasema, "Na mimi ni wa nyumbani kwake, Garissa. Kunywa. Kaa kivulini, miguu yako imechoka." Hakuna aliyecheka siku hiyo, na sikutaka acheke mtu. Huyo ndiye ayeeyo yenu, bibi yenu wa Habaswein. Sina ugomvi naye, sikuwa nao siku ile, na msiuanzishe nyinyi. Mwanamume wetu sheria inamruhusu, na Mungu ndiye hakimu wa kama alifanya haki. Nilichotaka ni kuambiwa tu. Nilitaka mtu aniketishe anitajie.

Jioni ile Dekha alikuja mbio kwangu. Akaanguka magotini pangu akalia kuliko mimi. Nilimuuliza swali moja tu. "Dekha, ulijua?" Akaweka kiganja chake juu ya kichwa cha mwanangu aliyekuwa amelala pajani pangu, baba yenu huyo, akasema, "Walahi billahi, Ebla, sikujua. Ningejua, ningekwambia." Nikaamini. Nikamfuta machozi kwa shela langu. Muda si mrefu akapata njia ya kwenda ng'ambo, na deki ikauzwa, na kaseti sijui zilikwenda wapi. Miaka yote hii, kila nilipokuwa na uchungu wa mwaka ule, nilikuwa najiambia: angalau zile Ijumaa zilikuwa zangu. Kuna kitu kimoja ndani ya mwaka ule ambacho hakuna mtu aliyekigusa.

Sasa rudini nami kwenye sinia la Mulki. Wananiangalia mimi, na Mulki, ambaye mdomo wake haujawahi kungoja kichwa chake, akasema, "Haki ya Mungu, Ebla, ulituweza. Sisi tulikuwa tunaogopa utazimia. Na wewe unacheka! Unasema huyo mwanamke mjinga si achungulie kona! Nilikwenda nyumbani nikamwambia marehemu mume wangu, yule Ebla ana moyo wa ngamia, ameambiwa ana mke mwenza na bado anadai kuwekewa tena."

Nikaweka chini tonge. "Nimeambiwa na nani?"

Mulki akaangalia wali. Nikamgeukia Dekha, amevua miwani yake anaifuta, anaifuta.

"Dekha. Yule mtu wa milango miwili alikuwa nani?"

"Ebla, abaayo, chakula kinapoa."

"Nimekuuliza."

Akasema kwa sauti ndogo, "Yule msichana wa Habaswein ni binti wa mjomba wangu. Harusi ilifanyika mbele yangu. Nyama yake nilikula. Wazee walinifunga mdomo, wakasema ukitoa neno hili Garissa, wewe si wetu. Ningefanya nini? Nilikuambia kwa njia niliyokuwa nayo. Kila Ijumaa nilikuambia. Ilikuwa sarbeeb, Ebla."

Sarbeeb, kwa nyinyi mliolelewa na televisheni, ni maneno yaliyofunikwa. Mzee anayetaka kumwambia mwenzake kwamba mwanawe anaiba hasemi kuiba. Anasimulia habari ya fisi fulani aliyezoea zizi, na yule mwenzake anakunywa chai yake, anashukuru, anakwenda nyumbani kumkanya mwanawe. Hakuna aliyeaibika. Ni kitu cha heshima kwetu. Nimekulia ndani yake. Lakini inakuja kwa mdomo wa mtu wetu, unamwona macho, unaona anavyonyamaza mahali pasipo pa kunyamaza, unajua hapa pana kitu chini. Haikunipitia akilini, na haingempitia yeyote, kwamba sarbeeb itanijia kwa mdomo wa Mwingereza mwenye kofia iliyopinda.

Nikamwambia hivyo. Akaudhika, mnajua mtu mwenye kosa anavyoudhika. Akasema, "Wewe ni binti wa nani hata usijue sarbeeb? Chumba kizima kilielewa. Mulki alielewa, na Mulki haelewi kitu!"

"Eeh, nilielewa mara moja," Mulki akasema, kama anayesifiwa.

"Mulki ulimwambia kabla, kwa mlango wa nyuma," nikasema. Dekha hakukana. "Wote uliwaambia kabla. Kwao ilikuwa tafsiri. Kwangu ilikuwa kichekesho. Na nilipoambiwa na mwenyewe, sokoni, nikakuuliza uso kwa uso, uliapa. Uliweka mkono juu ya kichwa cha mtoto wangu. Hiyo nayo ilikuwa sarbeeb?"

Nikanawa mikono, nikamwombea baraka bibi harusi, nikaondoka kabla ya chai. Barabarani nilitembea polepole. Yule Dekha aliyefungwa mdomo na wajomba zake ninaweza kumwelewa. Nimeolewa, nazijua koo zetu zinavyokaba. Hata kiapo, labda, siku nyingine, Mungu akinipa umri. Kilichonikaa kooni ni kile chumba. Ni wale wanawake waliokunywa maziwa yangu, wakanitazama nikipiga mkeka kwa kiganja. Walidhani nimekuwa shujaa, na kumbe nilikuwa burudani. Heshima waliyonipa miaka yote hii, Ebla mwenye moyo wa ngamia, ilikuwa ya mwanamke mwingine ambaye hakuwahi kuwako. Na kicheko changu, kile nilichojiwekea akiba, nacho kilikuwa kimepikwa na mtu mwingine nikalishwa kwa kijiko.

Nilipofika nyumbani nikamwita Hamdi, yule mjukuu wangu anayesoma chuo. Nikamweleza kipindi: Waingereza, cha zamani, suti, magauni, benchi la basi. Alikipata kabla sijamaliza kueleza. Akakipeleka kwenye televisheni kubwa ya sebuleni, na nyumba nzima ikaja kutazama ayeeyo anataka nini na Waingereza. Tulitafuta mpaka akatokea. Kofia ileile. Mlango mwekundu, mlango wa kijani. Moyo ulinipiga kama ninayekutana na mtu niliyemzika.

"Hamdi," nikasema. "Niambie wanavyosema. Usiongeze, usipunguze."

"Huyu ni mtu wa posta, Ayeeyo. Amemletea huyo mama furushi lake. Mama anamwambia hapa ni mlango wa mbele, mafurushi hupokelewa mlango wa nyuma. Anazunguka kona. Anafungua mama yuleyule. Lakini mtu wa posta hakubali kwamba ni yuleyule, anamwambia lazima nimuulize mama wa mlango wa mbele kama anakujua. Basi anazunguka tena."

"Wake wawili wako wapi?"

"Wake gani, Ayeeyo? Ni mama mmoja. Nyumba ni moja, iko kwenye kona, ina milango miwili."

Niliitazama ile sura. Kumbe ndiyo maana ilikuwa moja. Nilikuwa nimeiona, nikauliza, nikajibiwa ujinga, nikautupa ukweli wangu nikachukua ujinga wa mtu. Hamdi akasema tuangalie na kipande kingine, na akatokea karani. Sikutaka kuuliza. Nawaambia kweli niliogopa, mimi niliyekabiliana na askari wa ukaguzi pale darajani bila kupepesa macho. Lakini nikauliza. "Huyo anamuuliza babu yake alizaliwa upande gani wa mto?"

Hamdi akacheka. "Hapana! Anamuuliza kama mwavuli wake una kibali cha kufunguliwa."

Basi hata hilo lilikuwa la Dekha. Nikakaa na hilo. Nikamtazama karani akisikiliza, kichwa kimeinama kidogo, adabu yote ya dunia usoni, mtu wa watu akieleza habari ya mwavuli wake kwa roho yake yote. Na mkono ukaenda, taratibu, bila hasira, kwenye dirisha. Nikasikia tumbo langu linatikisika kabla sijaliruhusu. Ule uso hakuna aliyenitafsiria. Dekha hakuwa na Kisomali cha ule uso, wala Hamdi hana Kiswahili chake. Niliupokea mwenyewe, kwa macho yangu, nikaupeleka sokoni nikaufanyia kazi. Nilikuwa nacheka, na shela limenilowa, na sijui machozi yale yalikuwa ya upande gani.

Wao wakadhani sijaelewa. Baba yenu akaanza, "Hooyo, mama yangu, hapo maana yake ni kwamba..." Mkewe akamdakia, "Hapana, anachekesha kwa sababu..." Hamdi naye akainua sauti awapite wote, na watoto wadogo wakaingilia, kila mmoja ananishika mkono, kila mmoja ana tafsiri yake. Nikanyoosha kiganja wakanyamaza wote.

"Rudisheni mwanzo," nikawaambia. "Na mtu yeyote asinitafsirie."